Siku ya kukumbuka ndoa: chagua hoteli kwa kumtazama anayekuhudumia



Katika kambi za mashamba na nyumba za viwandani limezuka swali ambalo wazee wetu hawakuwa nalo sana. Mtu ametimiza miaka mitano, kumi au ishirini ya ndoa, naye ameweka akiba kidogo. Anauliza wenzake: "Siku hiyo nimpeleke mwenzangu kula wapi?"

Wako wanaocheka. Husema, mkata miwa na hoteli wapi na wapi? Hao wamekosea. Sukari iliyo mezani katika kila hoteli ya Jinja na Kampala imetoka katika miwa iliyokatwa na mikono kama yetu. Chai imechumwa na mikono kama yetu. Kitambaa cha meza, sabuni ya kuoshea sahani na chupa ya soda vimepita mikononi mwa wafanyakazi wa viwanda. Haiwezi kuwa halali kwetu kuvitengeneza vitu hivyo mwaka mzima, halafu kuwa haramu kuketi siku moja tukavitumia pamoja na wake zetu na waume zetu. Kwa hiyo, kwenda hotelini siku hiyo si kujifanya bwana mkubwa.

Neno langu leo ni juu ya kuchagua. Watu wengi huchagua hoteli kwa kutazama taa, ghorofa, bustani, au jina ambalo matajiri wanalitaja. Mimi nasema kipimo cha kwanza cha mfanyakazi kiwe kingine. Hoteli inayofaa siku hiyo ni ile ambayo mpishi, mwosha vyombo na mhudumu wake wanatendewa kama watu. Mengine yote yafuate baada ya hapo.

Hebu tufikiri kidogo juu ya mtu anayekuletea sahani. Siku yako ya furaha, yeye yuko kazini. Jumapili yuko kazini, Krismasi na Idi yuko kazini, na usiku wewe ukiondoka, yeye anabaki kufuta meza. Naye pengine ana ndoa, na siku yake ya kuikumbuka ilipita akiwa amesimama na sinia mkononi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema saa za kazi za kawaida zisizidi 48 kwa juma, na mtu asifanye kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika. Sheria hiyo inamlinda mkata miwa, na inamlinda mhudumu vilevile. Lakini sisi tunajua kwamba sheria isiyo na watu wa kuisimamia ni karatasi tu.

Kuhusu mshahara, mambo ni mazito zaidi. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, nacho kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya wa viwango vya chini, lakini Rais hakuutia sahihi. Leo shilingi 6,000 hazifiki bei ya sahani moja ya samaki katika hoteli ya mjini. Maana yake ni kwamba mshahara wa mhudumu unategemea huruma ya mwajiri, au nguvu ya chama pale ambapo chama kipo. Na pale ambapo hakuna huruma wala chama, mwenye hoteli humwambia kijana: "Mshahara wako uko mfukoni mwa wageni. Tabasamu vizuri, utapata bakshishi."

Hiyo ni hila ya zamani. Bakshishi ni zawadi ya mgeni kwa mtu aliyemhudumia. Si haki mwajiri kuigeuza kuwa mshahara. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1991 Mkataba namba 172 juu ya wafanyakazi wa hoteli na mikahawa. Mkataba huo unasema kwamba mfanyakazi apate mshahara wa msingi unaolipwa kwa vipindi vya kawaida, awe anapata bakshishi au hapati. Kadhalika unataka sheria za nchi zipige marufuku kuuza na kununua nafasi za kazi katika hoteli. Wakubwa wa dunia wasingeandika hayo kama mambo hayo hayakuwapo.

Pengine msomaji atasema: "Hayo ni ya watu wa hoteli, sisi ni watu wa mashamba na viwanda." La, ndugu. Tangu mwaka 1920 liko shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa chakula, linalojulikana kwa herufi IUF, ambalo baadaye lilikuja kuwaunganisha pia wafanyakazi wa hoteli na mikahawa. Mwaka 1994 shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa mashamba makubwa nalo liliungana nalo. Anayelima, anayesaga, anayepika na anayepeleka mezani wamewekwa katika nyumba moja, kwa kuwa wanaishi kwa chakula kilekile, kila mmoja mahali pake. Basi ukiingia hotelini umeingia mahali pa kazi pa ndugu yako.

Sasa, utajuaje hoteli ipi ni njema? Hawabandiki mlangoni. Lakini mfanyakazi ana macho ambayo mgeni tajiri hana, kwa sababu anaijua kazi.

Nenda siku kadhaa kabla, unywe chai peke yako. Tazama nyuso. Ukikuta wahudumu ni walewale uliowaona mwaka jana, ni dalili njema. Ukikuta kila miezi mitatu wote ni wapya, jiulize wa zamani wamekwenda wapi, na kwa nini. Tazama miguu yao: wana viatu vya kazi au kandambili juu ya sakafu yenye maji? Tazama kama wanapata nafasi ya kula na kukaa. Sikiliza msimamizi anavyosema nao. Mtu akitukanwa mbele ya wageni, ujue jikoni hali ni mbaya kuliko hapo.

Uliza pia, lakini uliza kwa akili. Usimwulize kijana juu ya mshahara wake mbele ya msimamizi, maana wewe utaondoka na yeye atabaki. Mwulize mwenye hoteli mwenyewe, kwa adabu: fedha ya huduma inayoandikwa katika hesabu inakwenda kwa nani? Wafanyakazi wako wana barua za kazi? Unawalipia NSSF? Tangu mwaka 2022 sheria inamtaka kila mwajiri alipe, hata kama ana mfanyakazi mmoja tu. Asilimia 10 inatoka kwa mwajiri na asilimia 5 katika mshahara wa mfanyakazi. Mwenye hoteli mwema atakujibu bila kukasirika. Mwingine atakuuliza wewe ni nani. Jibu ni fupi: mimi ni mteja, na fedha yangu nimeitolea jasho.

Zaidi ya hapo, uliza katika tawi lako la chama. Vyama vyetu vina jamaa katika chama cha wafanyakazi wa hoteli. Wao wanajua ni wapi kuna mkataba wa pamoja na ni wapi mwajiri amewafukuza watu kwa sababu ya kujiunga. Habari hiyo ina faida kuliko tangazo lolote la redioni.

Wapo watakaopinga. Watasema, tukizikimbia hoteli mbaya, wafanyakazi wake ndio watakaokosa kazi. Ni hoja ya kufikiriwa. Mimi sisemi tutangaze mgomo wa wateja mahali ambapo wenyewe hawajauomba. Hilo ni lao kuamua kwa njia ya chama chao. Ninachosema ni hiki: fedha ya siku moja kwa mwaka ni lazima iende mahali fulani. Kwa nini isiende kwa yule anayelipa vizuri, ili aongeze meza na kuajiri mtu mwingine? Mwajiri mbaya akiona wateja wanakwenda kwa jirani yake, naye atauliza sababu.

Wengine watasema, basi tuziache hoteli kubwa, twende kwa mama mwenye kibanda, huko hakuna bepari. Hapa nako tuwe macho. Viko vibanda ambavyo mama na dada zake wanagawana kila wanachopata, na hapo fedha yako imefika pazuri. Lakini viko pia ambavyo msichana aliyeletwa kutoka kijijini anaamka saa kumi ya usiku, analala jikoni, na mshahara wake ni chakula, eti kwa sababu ni mtoto wa ndugu. Udogo wa mahali si ushahidi wa haki. Kipimo ni kilekile kwa wote.

Baada ya kipimo hicho, yaja mambo ya nyumbani. Kwanza muulize mwenzako anataka nini. Wanaume wengi huchagua mahali panapowapendeza wenyewe: penye nyama ya kuchoma, bia na mpira katika televisheni. Mke aliyepuliza makaa siku 364 anaketishwa kando ya kreti za bia akingoja mzee amalize mchezo. Hiyo si kumbukumbu ya ndoa. Na wewe mama unayefanya kazi kiwandani, ambaye pengine ndiye mlipaji, nawe muulize mumeo, usimpeleke mahali ambapo atakaa kama aliyefungwa.

Chagueni chakula ambacho nyumbani ni taabu kukipika. Kwa watu wa Jinja na Lugazi, luwombo ni mfano mzuri: kuku au nyama, au mchuzi wa karanga, hufungwa ndani ya jani changa la mgomba lililopitishwa motoni, kisha hupikwa kwa mvuke muda mrefu. Ni kazi ya saa nyingi, na atokaye shamba jioni hana saa hizo. Au samaki wa ziwani, ngege mzima au kipande cha sangara, maadamu ni wa siku hiyo. Chakula cha heshima hakihitaji jina la Kizungu.

Halafu fedha. Ulizeni kabla kama bei iliyoandikwa ina kodi ndani yake au haina. Tuseme mmekula vya shilingi 60,000. Kama kodi haimo, asilimia 18 itaongeza 10,800, na mtatakiwa kulipa 70,800. Mtu aliyekuja na 65,000 ataaibika mbele ya mwenzake kwa jambo ambalo angeliuliza mapema. Kama tarehe ya ndoa inaangukia katikati ya mwezi, ngojeni Jumapili ya kwanza baada ya mshahara. Ndoa haitavunjika kwa kungoja siku kumi. Afadhali mle mchana kuliko usiku: nauli ni nafuu na njia ni salama. Na mtu asiende kukopa kwa mkopeshaji wa riba kwa ajili ya mlo. Karamu inayolipwa kwa miezi sita huleta ugomvi katika nyumba ileile iliyokuwa ikisherehekewa. Weka kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo, mwaka ni mrefu.

Neno la mwisho ni juu yetu sisi wenyewe tukiwa tumekwisha kuketi. Nimesikia wenzetu wakipiga makofi na kuita, "Wee kijana! Njoo hapa!" kwa sauti ileile wanayoichukia kwa nyapara. Mtu aliyetukanwa na nyapara Jumamosi asimtukane mhudumu Jumapili. Kama chakula kimechelewa, kumbuka kwamba pengine mpishi ni mmoja na meza ni ishirini, na kosa ni la aliyekataa kuajiri wa pili. Mwite kwa heshima, mshukuru, na kama unayo bakshishi, mpe mkononi mwake.

Viongozi wa matawi nao wana kazi. Si vigumu kwa tawi la mashamba kukutana na tawi la hoteli, kupata majina ya mahali penye mkataba wa pamoja, na kuyabandika katika ubao wa matangazo karibu na dirisha la mishahara. Mkutano unapotafuta ukumbi, harusi inapotafuta wapishi, na mtu na mkewe wanapotafuta meza ya wawili, orodha iwe hapo. Wenzetu wa hoteli wakipata mkataba mzuri kwa sababu hiyo, watatukumbuka siku sisi tutakapowahitaji.

Umoja ni nguvu, tumezoea kulisema hilo mkutanoni. Tulitende pia mezani.