Gari la umeme nchi za baridi: Mchawi si theluji

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2025, kati ya kila magari madogo 100 mapya yaliyosajiliwa nchini Norway, zaidi ya 95 yalikuwa ya umeme mtupu, yasiyotumia tone la petroli wala dizeli. Mwaka mmoja kabla yake yalikuwa takriban 89. Hakuna taifa jingine duniani lililofikia kiwango hicho.

Takwimu hizo zinashangaza kwa sababu moja kubwa. Norway ni nchi ya theluji. Januari 2024, pembezoni mwa mji mkuu wake, Oslo, baridi ilizidi nyuzi 30 chini ya sifuri. Na betri haipatani na baridi. Hilo halina ubishi.

Mwezi huo huo, ng'ambo ya bahari katika jiji la Chicago nchini Marekani, madereva wa magari ya umeme walikwama kwenye foleni ndefu za vituo vya kuchajia. Wengine walisubiri kwa saa nyingi na wengine magari yao yalilazimika kuvutwa. Picha zao zilizunguka dunia nzima, na wasioyapenda magari hayo wakapata ushahidi waliokuwa wakiutafuta.

Je, baridi ya Oslo ni tofauti na ya Chicago? La hasha. Kilicho tofauti ni mazingira ambamo gari linanunuliwa na kutunzwa. Jambo hili linawahusu moja kwa moja ndugu zetu walioko Minnesota, Toronto, Stockholm au Oslo kwenyewe, ambao leo wanapima kama watoe fedha zao kwa ajili ya gari la namna hiyo. Linatuhusu na sisi tuliobaki nyumbani, kama tutakavyoona.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Ndani ya betri ya lithiamu, umeme huzalishwa kwa chembe kusafiri ndani ya kimiminika kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baridi inapozidi, chembe hizo hujikokota. Betri hutoa nguvu kidogo, na hupokea chaji kwa shida zaidi. Ikilazimishwa kupokea chaji nyingi ikiwa imeganda, huweza kuharibika kabisa, na ndiyo maana kompyuta ya gari huubana umeme unaoingia. Chaji ya haraka iliyozoeleka kuchukua nusu saa huweza kuchukua saa nzima.

Tatizo la pili ni joto la abiria. Injini ya petroli ni chombo cha ubadhirifu: takriban theluthi mbili ya nishati ya mafuta hupotea kama joto. Wakati wa baridi ubadhirifu huo hugeuka neema, kwani joto hilo la bure ndilo linalopasha moto ndani ya gari. Gari la umeme halina cha kupoteza. Joto lote lazima litoke kwenye betri ile ile inayozungusha magurudumu.

Tuchukue mfano. Gari linalotumia kilowati-saa 20 kwa kilomita 100 likikaa saa moja kwenye foleni huku hita yake ikivuta kilowati nne, litakuwa limeteketeza umeme wa kilomita 20 bila kusogea. Ndiyo maana safari fupi fupi za mjini, ambazo kila mara gari huanza kupashwa moto upya, huimaliza betri kuliko safari moja ndefu. Magari mengi ya sasa yana pampu ya joto, ambayo kwa kila sehemu moja ya umeme huweza kutoa sehemu mbili au tatu za joto. Kwa mnunuzi wa nchi ya baridi, kifaa hicho si anasa.

Hasara yenyewe ni kiasi gani? Chama cha waendesha magari cha Norway, NAF, hupima magari barabarani kila majira ya baridi. Katika jaribio la mwaka 2020, magari 20 yalipoteza kwa wastani asilimia 18.5 ya umbali uliotangazwa na watengenezaji. Baridi siku hizo haikuwa kali sana. Ikizidi, hasara nayo huzidi.

Hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa macho. Umbali unaoandikwa kwenye matangazo ya magari barani Ulaya hupimwa maabara, kwenye joto la nyuzi 23. Gari linalotangazwa kwenda kilomita 450, ukiondoa theluthi moja hivi kwa ajili ya baridi kali, hubaki na kilomita 300. Na kwa kuwa safarini dereva hachaji kutoka sifuri hadi mia, bali kutoka asilimia 10 hadi 80 ambako chaji huingia upesi, kilomita anazoweza kuzitegemea kati ya kituo na kituo ni 210 tu. Hiyo ndiyo namba ya kununulia gari. Ile ya kwenye tangazo ni ya kuuzia.

Hata hivyo, watu wengi hawasafiri kilomita 210 kwa siku. Wengi huenda kazini, shuleni na dukani, kisha hurudi nyumbani. Kwa hiyo swali zito kuliko yote si gari litakwenda umbali gani, bali litalala wapi.

Gari linalolala limechomekwa kwenye umeme halina hofu kubwa ya baridi. Asubuhi, kabla ya safari, mwenyewe huliamuru lijipashe moto kwa umeme wa nyumbani. Betri ikawa tayari, kioo kikayeyuka barafu, na chaji ikabaki ya barabarani. Gari linalolala mtaani bila waya huamka limeganda, na mwenye gari hulazimika kwenda kupanga foleni kituoni na wenzake walioganda vilevile. Hayo ndiyo yaliyowakuta wengi Chicago, wakiwamo madereva wa teksi za mtandaoni wasio na pa kuchajia nyumbani.

Kuna na jambo la soketi. Norway, kama Ulaya yote, hutumia umeme wa volti 230. Soketi ya kawaida kabisa hutoa zaidi ya kilowati mbili, na kwa usiku mmoja huingiza chaji ya kilomita 100 hivi. Soketi ya kawaida ya Marekani na Kanada ni ya volti 120, hutoa kilowati moja na nusu hivi, na kwenye baridi kali sehemu ya umeme huo huishia kuipasha betri tu. Anayenunua gari la umeme huko bila kwanza kumwita fundi wa umeme afunge njia ya volti 240 anajitafutia balaa. Naye mpangaji asiye na ruhusa ya mwenye nyumba afikirie mara mbili.

Lakini soketi peke yake haiwezi kueleza mafanikio ya Norway. Mwaka 1989 mwanaharakati wa mazingira Frederic Hauge na mwimbaji Morten Harket wa kundi la A-ha waliingiza nchini humo gari dogo la Fiat lililogeuzwa kuwa la umeme, wakawa wanapita kwenye vizuizi vya ushuru wa barabara bila kulipa. Mwaka uliofuata Serikali ilianza kusamehe ushuru wa kuingiza magari hayo. Mwaka 1997 yakasamehewa ushuru wa barabara, na mwaka 2001 kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchini humo ni asilimia 25.

Serikali zilikuja na kuondoka, za mrengo huu na ule, lakini msingi wa sera haukung'olewa. Gari la petroli likabaki na mzigo mzito wa kodi, la umeme likabaki jepesi. Mnunuzi alipofika dukani, hesabu ilikuwa imeshafanywa kwa niaba yake. Sasa misamaha hiyo inapunguzwa hatua kwa hatua: tangu mwaka 2023 kodi hutozwa kwa sehemu ya bei inayozidi krona 500,000, na kiwango hicho kimeshushwa hadi 300,000 kuanzia mwaka 2026.

Haki itendeke, yapo ya kukosoa. Norway ni tajiri, na utajiri huo kwa sehemu kubwa umetokana na mafuta na gesi inayowauzia wengine. Umeme wake karibu wote hutokana na maji. Na huko Finnmark, eneo la kaskazini kabisa ambako miji iko mbali mbali, wananchi walichelewa kuyapokea magari hayo kuliko wenzao wa kusini. Walikuwa na sababu: umbali na uhaba wa vituo.

Lipo pia suala la aina ya betri. Zile za chuma na fosfeti ni nafuu lakini huathirika zaidi na baridi. Zile zenye nikeli na kobalti huistahimili vizuri zaidi, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Kolwezi na Katanga ya zamani, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni. Kwa hiyo uamuzi wa mnunuzi wa Oslo unagusa jasho la mchimbaji anayezungumza lugha yetu.

Na sisi je? Hatuna theluji ya kuisingizia. Volti zetu ni zile zile za Ulaya. Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka kwenye jotoardhi, maji na upepo. Tanzania imekamilisha bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Jirani yetu Ethiopia iliamua mwaka 2024 kuzuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli.

Tutakachoulizwa ni kile kile walichoulizwa watu wa Oslo na Chicago. Mpangaji wa Manzese au Umoja, ambaye gari lake hulala uani kwa jirani au kando ya barabara, atachomeka wapi? Na akishanunua kwa msamaha wa kodi uliotangazwa kwenye bajeti ya mwaka huu, nani anamhakikishia kwamba bajeti ijayo haitaufuta? Watunga sera wetu wasipokuwa na majibu ya maswali hayo mawili, jua letu lote halitatusaidia kitu.