Homa ya ini B haiishii kwenye ini

Jina "homa ya ini" linatupotosha. Linatufanya tusubiri macho ya njano, ilhali kirusi cha homa ya ini B huzunguka na damu mwili mzima. Kinga ya mwili inapopambana nacho, mabaki ya mapambano hayo huweza kunasa kwenye vichujio vya figo, viungo na mishipa ya damu.

Mzazi wa Kinyangiri, mtoto akiamka uso umevimba na mkojo una povu, usikimbilie kulaumu chumvi au jicho la watu. Si kila uvimbe ni kirusi hiki, lakini mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo, nawe uliza kuhusu kipimo cha homa ya ini B.

Kinga ipo. Chanjo hii ilianza kutolewa nchini mwaka 2002. Sasa mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na ugonjwa wa figo wa watoto unaotokana na kirusi hiki ukapungua sana.

Toa kadi ya kliniki leo. Dozi ikikosekana, mrudishe mtoto akamalizie. Ukilinda ini lake, umelinda na figo zake.