Alama za Ngumi Zisifichwe

Mwalimu wa Kiswere, kusini ya Kilwa, anayefuatilia kwa redio pambano la ubingwa linalopiganwa Dar es Salaam, yumo katika giza lilelile alimo bondia mwenyewe: wote wawili hawajui nani anaongoza. Majaji watatu huketi kando ya ulingo, na kila raundi humwandikia mshindi pointi 10 na aliyezidiwa 9 au pungufu. Raundi 12 zikimalizika ndipo siri hutolewa, na mara nyingi zogo nalo ndipo huanza.

Sisi twaona wakati umefika alama hizo zitangazwe pambano likiendelea.

Wasomaji wetu hawawezi kulistaajabia jambo hili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikataa mwanafunzi apimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake. Mwaka 2004 Serikali iliziacha taarifa za siri juu ya watumishi wake, ikaweka tathmini ya wazi, ili mtumishi aelezwe upungufu wake wakati bado ana nafasi ya kujirekebisha. (Kwamba baadhi ya wakuu wa kazi waliendelea kujaza fomu peke yao ni habari nyingine.) Kwa nini bondia, ambaye kosa lake humgharimu damu, anyimwe haki hiyo?

Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Roy Jones wa Marekani alimzidi Park Si-hun wa Korea ya Kusini mbele ya macho ya dunia, lakini majaji watatu kati ya watano wakampa ushindi mwenyeji. Katika michezo hiyohiyo ndugu yetu Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu kwa kumwangusha mpinzani wake katika fainali, akawaondolea majaji kazi. Si kila bondia ana konde la Wangila.

Wapinzani wa rai hii husema kwamba anayeongoza atakimbiakimbia ulingoni kulinda pointi zake. Hoja hiyo ina uzito, ila dawa yake imo mikononi mwa majaji haohao: anayekimbia anyimwe raundi. Hofu kwamba watazamaji watawazomea majaji ni kubwa zaidi, nasi hatuipuuzi. Lakini hasira ya raundi ya nne hutulizwa kwa urahisi kuliko ile inayolipuka mwishoni, ukumbi ukiwa umejaa watu wanaojiona wamedhulumiwa.

Tena kuna suala la uhai. Wangila alifariki mwaka 1994 kwa majeraha aliyoyapata ulingoni Las Vegas. Kocha ajuaye kwamba kijana wake ameachwa mbali kwa pointi hana sababu ya kumrudisha raundi ya kumi akale makonde kwa tumaini la bure, atarusha taulo.

Baraza la Ngumi la Dunia, WBC, lina utaratibu wa kutangaza alama baada ya raundi ya nne na ya nane. Wasimamizi wa ngumi za kulipwa nchini waujaribu katika mapambano ya ubingwa wa Taifa, na majaji wapewe ulinzi wa kutosha tangu raundi ya kwanza.