Kuifikia Nyumba ya Unguja Kutoka Lusail

Ndugu mwandishi, sisi tulioko huku Lusail, tulioacha wazee Unguja, tungependa uongeze katika makala yako jambo lililo asili ya taabu ya kuvifikia vifaa vya nyumbani kwa intaneti tukiwa mbali: kwamba makampuni mengi ya intaneti huwashirikisha wateja wengi anwani moja ya hadhara, hivyo hata ukifungua milango yote ya ruta, anayebisha kutoka nje hafiki. Njia thabiti ni kukodi seva ndogo yenye anwani yake maalumu, kisha kifaa cha nyumbani ndicho kianzishe mawasiliano na seva hiyo kwa WireGuard, programu ya kuunganisha mitandao kwa usiri, kikituma ishara kila baada ya sekunde 25 ili njia isizibe. Na, wallahi, wanunulieni wazee betri ya akiba, kwani umeme ukikatika ruta huzimika, na hila zote hizi hubatilika.