Usafi wa Chungu na Dhiil



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii tunageuza nyuso zetu upande wa Tarbaj, katika Kaunti ya Wajir, ambako maji hayamwagwi ovyo. Huko, kama huku kwetu pwani, chombo cha asili kina adabu zake, na asiyezijua hukiharibu chombo na kuwadhuru walaji.

Tuanze na chungu. Udongo uliochomwa una vinyweleo. Ukiuosha kwa sabuni, huinywa sabuni hiyo, kisha huirudisha katika mchuzi wa kesho. Chakula kikigandia, na kirowekwe kwa maji ya uvuguvugu, kisha kisuguliwe kwa kumvi la nazi na majivu laini. Chungu cha moto kisitiwe maji ya baridi, kwani hupasuka. Kikishaoshwa kianikwe juani hadi kikauke kabisa. Kikifunikwa kibichi huota kuvu. Maji ya visima vingi vya Wajir yana chumvi, nayo huacha utando mweupe. Huo huondolewa kwa maji ya ndimu.

Dada zetu wa Tarbaj wana pia dhiil, chombo cha maziwa ya ngamia kilichosukwa kwa nyuzi za mimea. Nacho hakipendi sabuni. Husuuzwa kwa maji kidogo ya moto mara maziwa yanapokwisha, kisha hutiwa vijinga vya miti iliyochaguliwa, kikatikiswa na kufunikwa hadi moshi uingie. Moshi huo hupunguza vijidudu, hukausha chombo, huyapa maziwa harufu nzuri na kuyachelewesha kuharibika. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, mifugo ilipokufa kwa wingi, kila kibaba cha maziwa kilichookolewa kilikuwa riziki ya mtoto.

Siku hizi madumu ya plastiki yameshika nafasi ya dhiil, kwa kuwa ni mepesi kusafirisha. Lakini shingo yake ni nyembamba, mkono haupiti, na mikwaruzo ya ndani huficha uchafu. Anayelazimika kulitumia na achague chombo chenye mdomo mpana, asikitie kamwe mafuta ya taa wala dawa.

Hata hivyo, akina mama, moshi haushiki nafasi ya moto. Maziwa mabichi yaweza kubeba homa ya brusela hata yakiwa katika chombo safi. Yachemsheni kabla ya kuwapa watoto na wajawazito, hata kama wazee wameyazoea mabichi.

Mtume wetu (S.A.W.) alituamuru tufunike vyombo usiku na kumtaja Mwenyezi Mungu, hata kama hatuna ila kijiti cha kulaza juu yake. Basi usiku wa leo, kabla ya kulala, na tuvipitie vyombo vyetu kimoja kimoja: kilicho kibichi kikaushwe, kilicho wazi kifunikwe.

Wabillahi tawfiq.