Kisukari Kikiingia Chumbani, Mke Asisingiziwe



Wapo watakaoshangaa kwamba padre anaandika habari za nguvu za kiume. Na washangae kidogo, kisha wasome. Habari hii huletwa na wazee wa heshima wenyewe (sisemi ya kitubio, nasema yanayosemwa barazani, mbele ya watu), nao huileta ikiwa imevikwa vazi lisilo lake: "Mke wangu amenifunga."

Mwulize mzee huyo, naye atakuambia kwamba ana kisukari cha miaka kumi na zaidi. Mwulize kama amemweleza daktari shida yake ya chumbani, atatazama chini.

Uume husimama kwa sababu mishipa ya fahamu imepeleka amri, mishipa ya damu ikatanuka, damu ikajaa. Sukari iliyozidi kwa miaka mingi huiharibu mishipa ya aina zote mbili, kama inavyoharibu macho, figo na miguu. Mgonjwa wa kisukari akikosa hisia katika nyayo hatumtafuti mchawi. Mbona hapa tunamtafuta? Utafiti uliofanywa karibu na Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, uliwahusu wanaume wa miaka 40 hadi 70. Kati ya waliokuwa wakitibiwa kisukari, asilimia 28 walikuwa wamepoteza uwezo huo kabisa; kwa wanaume wote kwa jumla ilikuwa karibu asilimia 10. Sidhani kama wake wa Boston nao wanapika limbwata.

Badala ya kwenda hospitali, mzee hununua vumbi la Kongo au mizizi ya mwenye tangazo kwenye nguzo ya umeme. Hapa sina upole. Mamlaka ya dawa ya Marekani imetoa maonyo mara nyingi juu ya bidhaa ziitwazo za asili ambazo, zilipopimwa, zilikutwa zimetiwa kwa siri sildenafili, dawa ileile iliyomo katika Viagra. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitrati akimeza mchanganyiko huo, shinikizo lake la damu laweza kuporomoka hata afe. Muuza unga hamwulizi mteja anatumia dawa gani. Daktari humwuliza, na ndiyo maana dawa hiyohiyo mkononi mwake yaweza kuwa msaada wa kweli.

Tena mishipa ya kiungo hicho ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo yaweza kuziba miaka kadhaa kabla kifua hakijauma. Anayeificha aibu yake anaificha na kengele ya hatari.

Nina neno pia kwa waganga wa kliniki zetu. Mnapima sukari, mnapima uzito, mnakagua miguu. Kwa nini hamwulizi? Mnamngoja mzee wa miaka 65 aanze yeye mbele ya muuguzi mwenye umri wa mjukuu wake? Baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu navyo hupunguza uwezo huo, na mgonjwa akishahisi hivyo huviacha kimyakimya. Angeulizwa, angebadilishiwa.

Wabaki mashemeji wanaonong'ona kwamba "hapo hakuna ndoa tena," wakalitaja na Kanisa. Kanuni ya 1084 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inahusu kutoweza tendo la ndoa kulikokuwapo kabla ya ndoa, tena kwa kudumu. Ugonjwa uliomjia mume baada ya miaka thelathini ya ndoa hauitangui ndoa hiyo. Na mama mnayetaka kumrudisha kwao ndiye anayempimia mzee chakula na kumkumbusha saa ya vidonge. Kikao cha ukoo kikitaka kumwita, kimwambie kwanza mzee alete kadi yake ya kliniki.