Acheni kuuziwa stika!

Jamani, hivi nani alituroga na hii "i7"? Mtu kajibana, kacheza mchezo na wenzake kazini, kapokea zamu yake, sasa anataka kuwanunulia watoto kompyuta ya mezani. Anaingia dukani na swali lake la kwanza na la mwisho ni hilo hilo: "Mna i7?" Muuzaji anatabasamu. Kwa nini asitabasamu? Anazo za kumwaga. Zimetolewa kwenye maofisi huko Ulaya, zimepita Dubai, zimetua hapa na stika zao bado zinang'aa.

Tuseme ukweli. i7 peke yake sio kipimo cha kitu. Ni sawa na mtu akuambie anauza Corolla halafu agome kusema ni ya mwaka gani. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011. Ina viini 4, inashughulikia kazi 8 kwa mpigo. Core i3-12100, hiyo i3 mnayoipita dukani kama hamuioni, ilitoka 2022 na ina viini 4 na kazi 8 vile vile, ila kila kiini chake kinaiacha mbali sana ile i7 ya zamani, na kwa umeme kidogo zaidi. Siri iko kwenye namba. Ondoa tarakimu tatu za mwisho, kinachobaki ndicho kizazi. 2600 ni kizazi cha 2. 8500 ni cha 8. 12100 ni cha 12. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza, lakini watu wazima wenye digrii wanaacha laki kadhaa dukani bila kuifanya.

Na msidhani ni suala la majivuno tu. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, ikabakiza nyongeza ya mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha. Windows 11, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache sana za nyuma. Kwa hiyo maofisi ya Ulaya yanafanya nini na mashine za kizazi cha 2, cha 4, cha 6? Yanazitoa. Na sisi tunafanya nini? Tunazipokea kwa shangwe kwa sababu zina stika ya i7. Fundi atakuambia anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie. Ni kweli anaweza. Asichokuambia ni kwamba Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo.

Juzi juzi nilimsindikiza mama mdogo mjini. Ana watoto watatu, mmoja yuko Form Three. Muuzaji akamshika mkono kabisa: "Mama, hii i7, watoto watakuja kunishukuru." Nikamuuliza, "Kaka, ni kizazi cha ngapi?" Akaniangalia kama nimemtukania mzazi. "Dada angu, i7 ni i7." Tukaomba aiwashe. Ilikuwa na diski ngumu ya zamani, ile inayozunguka, tukasimama pale hadi mama mdogo akaomba kiti. Hakuinunua. Lakini jiulize ni wangapi wanainunua kwa siku, na wangapi kati yao wana mtu wa kuwauliza maswali.

Sasa mimi nasema hivi: hela ya kompyuta ya familia ianzie ukutani, kwenye soketi, ndipo iende ndani. Prosesa iwe ya mwisho kukuumiza kichwa. Mgao wa 2006 na wa 2011 tunaukumbuka, na wa mwishoni mwa 2023 bado mbichi. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha mwaka 2024 na limejengwa kwa MW 2,115, sawa, lakini megawati za Rufiji haziondoi tatizo la transfoma ya mtaani kwenu iliyozidiwa. Umeme unashuka, unapanda, unakatika sekunde mbili unarudi. Kile kidude cha kulindia friji kinakata umeme mbaya, basi. Hakikupi hata dakika moja ya kuhifadhi kazi. UPS ya 650VA yenye uwezo wa kurekebisha umeme unaopanda na kushuka inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kistaarabu. Betri yake itachoka baada ya miaka miwili mitatu, hasa kwa joto letu la Dar, na betri inabadilishwa bila kutupa UPS nzima. Lakini mwambie mtu anunue UPS uone! Atakuambia hela imeisha. Imeishia wapi? Kwenye stika.

Baada ya ukuta, powa saplai. Hapa kuna wizi wa mchana kweupe. Boksi limeandikwa 500W, ndani kuna kitu chepesi kama mkate wa sinia, na kikifa kinaweza kuondoka na mazabodi. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni, angalia laini ya 12V inatoa ampea ngapi, zidisha. Ampea 20 mara 12 ni wati 240, basi hiyo 500 imetoka wapi? Hii ndiyo sababu moja inayonifanya nizipende mashine za mtumba za ofisini, akina Dell OptiPlex, HP ProDesk na Lenovo ThinkCentre: powa saplai zake zina wati chache lakini ni za kweli. Ubaya ni kwamba nyingi zina umbo la peke yake, ikifa hutaokota nyingine kwenye kila duka. Sababu ya pili ni leseni. Nyingi za kizazi cha 8 zilitoka kiwandani na Windows halali iliyofungwa kwenye mazabodi, kwa hiyo humhitaji yule kijana mwenye flashi ya "kuamsha" Windows, ambayo hujui imebeba wadudu gani.

Halafu SSD. Hapa sibishani na mtu. Diski inayozunguka inasoma vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika mara mia moja hivi kwa sekunde. SSD, hata ile ya kawaida ya SATA, inasoma maelfu kwa makumi. Ndiyo maana i7 yenye diski ya zamani inakufanya uende kuoga ikiwa inawaka, na i3 yenye SSD inakusubiri wewe. GB 256 zinatosha kwa Windows na kazi za shule. Ile diski kubwa ya zamani usiitupe, iache ndani ibebe picha za harusi na sinema.

RAM, 8GB ndiyo chini kabisa, 16 ndiyo raha, na kama unategemea picha za ndani ya prosesa weka vijiti viwili vinavyofanana badala ya kimoja, maana vinafanya kazi sambamba. Ila hapa soko limegeuka. Toka mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa kwa sababu viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vya akili bandia, na Desemba 2025 Micron ikatangaza kuachana na Crucial, jina walilokuwa wanawauzia watu kama mimi na wewe. Kwa hiyo mashine ya mtumba ambayo tayari ina 16GB ndani imekuwa na thamani kuliko ilivyoonekana zamani. Ifungue, hesabu vijiti, usikubali maneno.

Kwa wale wanaosema mtumba hawagusi, wanaunda mpya kipande kwa kipande, hongereni, lakini angalieni herufi. i3-12100F haina picha ndani. Utaunganisha kila kitu, utawasha, skrini giza, utarudi dukani kugombana, kumbe kosa ni F moja. Isiyo na F ndiyo inayowafaa. Kwa baadhi ya prosesa za AMD ni kinyume, herufi ndiyo unaitafuta: Ryzen 5 5600G ina picha, 5600 tupu haina. Na hayo mataa ya rangi kwenye kesi, jamani, sebule sio disko. Hela hiyo iongeze kwenye skrini, ndiyo kitu ambacho macho ya watoto yataangalia kila siku.

Najua mnavyofikiria: kwa nini asinunue laptop? Kwa bei hiyo hiyo atapata nini? Celeron N4020, RAM 4GB iliyochomelewa, na GB 64 za kuhifadhia, wakati Windows 11 yenyewe inataka angalau GB 64 uanze nazo. Mwaka mmoja imejaa, na huwezi kuongeza kitu. Tena laptop ina miguu. Asubuhi inaondoka na baba kwenda ofisini, jioni imechoka naye. Ya mezani inabaki nyumbani, ni ya watoto. Na simu? Jaribu kuandika CV kwenye simu, au kujaza maombi ya mkopo wa chuo, halafu tuongee. Tuna vijana wanaoshika mausi kwa mara ya kwanza wakiwa mwaka wa kwanza Mlimani, wanaandika kwa kidole kimoja huku mwenzao aliyekulia na mashine sebuleni ameshamaliza. Sio kwamba ana akili zaidi. Wazazi wake walinunua kitu kinachofanya kazi.

Mashemeji mtauliza kuhusu magemu, maana mnawasingizia watoto. Wacheze tu. Kadi ya picha inaongezwa baadaye, hela ikipatikana, mradi toka mwanzo uchukue mnara wenye nafasi, sio kile kisanduku chembamba ambacho kadi ya kawaida haiingii hata ukiipaka mafuta. Na kabla hujatoa hela, waambie waiwashe mbele yako, shika kitufe cha Windows pamoja na Pause, isome namba ya prosesa yote kwa sauti, hapo hapo dukani, wateja wengine wasikie.